UUGUZI HADI SHAHADA YA UZAMILI: NJIA YA MWANAFUNZI WA MBINGA NA NYASA



Ndugu msomaji, wako wazazi wanaodhani kuwa muuguzi ni mtu wa kuchoma sindano tu, na kwamba aliyefeli udaktari ndiye huenda huko. Dhana hiyo si sahihi. Uuguzi ni elimu yenye ngazi zake: cheti, stashahada, shahada, shahada ya uzamili na uzamivu.

Katika historia yetu, Bibi Rufaida Al-Aslamiyya (r.a.) aliwatibu majeruhi wa vita vya Khandaq, mwaka wa 5 Hijria. Sahaba Saad bin Muadh (r.a.) alipojeruhiwa, alipelekwa kwenye hema lake. Basi binti wa Kiislamu anayesomea kazi hii hajazusha jambo jipya.

Msingi huwekwa sekondari

Anayetaka kuanzia stashahada baada ya kidato cha nne anatakiwa afaulu Bayolojia, Kemia na Fizikia. Hapa wanafunzi wa madrasa wazingatie: ufaulu unaohesabiwa ni wa masomo yasiyo ya dini. Alama nzuri ya Elimu ya Dini ya Kiislamu ina heri yake, lakini haitaziba pengo la Kemia. Anayeikimbia Kemia kwa kuwa ni ngumu ajue kuwa amejifungia mlango mwenyewe.

Njia ya pili ni kidato cha sita, mchepuo wa PCB, kisha shahada moja kwa moja. Mwenye stashahada na matokeo mazuri naye anaweza kujiunga na shahada.

Miaka mingapi?

1. Shahada ya kwanza: miaka 4.
2. Utarajali hospitalini: mwaka 1.
3. Usajili na leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga.
4. Shahada ya uzamili: miaka 2.

Chuo kikuu cha umma kinachojulikana zaidi kwa fani hii ni Muhimbili, Dar es Salaam. Kilianza kama shule ya udaktari mwaka 1963, kikawa chuo kikuu kamili mwaka 2007. Katika uzamili, muuguzi huchagua eneo moja la kubobea, mfano ukunga na afya ya wanawake, afya ya akili, au uangalizi wa wagonjwa mahututi na majeruhi. Husoma darasani, hufanya kazi wodini, kisha hufanya utafiti wenye kibali cha maadili na kuandika tasnifu.

Je, gharama?

Tusifichane, hapa ndipo wengi hukwama. Kutoka Mbinga hadi Dar es Salaam ni takribani kilomita 1,000, na kuna ada, chakula, malazi na gharama za utafiti. Kwa hiyo wengi hufanya kazi kwanza, wakaweka akiba, kisha wakaomba ruhusa ya masomo na ufadhili kwa mwajiri. Wazazi waliozoea kungoja msimu wa kahawa au wa samaki wajipange mapema, na familia zisaidiane.

Faida kwetu

Mwambao wa Liuli, Lituhi na Mbamba Bay una maswali yake. Kwa nini mama mjamzito huchelewa kufika kituoni? Kichocho kinawapataje watoto wanaooga ziwani? Mtafiti aliyekulia hapa atayauliza maswali hayo kwa lugha ya watu wake, nao watamjibu bila kuficha. Tena akina mama wengi huona haya kuhudumiwa na mwanamume wakati wa kujifungua. Watapataje wakunga wa kike waliobobea, ikiwa mabinti zetu wanaachishwa shule wakifika kidato cha pili?

Enyi wanafunzi, shikeni Qur'ani na shikeni Kemia. Nanyi wazazi, msiwakatie watoto tamaa kwa kuwa safari ni ndefu. Aliye kidato cha kwanza leo, akijitahidi, anaweza kuwa mwalimu wa wauguzi kesho, inshaallah.

Wabillahi tawfiq.