Ufa wa Nyumbani, Mtikisiko wa Durban

Sisi tunaozungumza Kiswahili hapa Durban tumetoka pande nyingi: Bukavu, Uvira, Bujumbura, Kigoma, na wengine, kama mimi, Bukoba. Karibu wote tumezaliwa kandokando ya mkono wa magharibi wa Bonde la Ufa. Wengi hudhani kwamba kwa kushuka hadi huku kusini tumeuacha ufa ule nyuma. Hatujauacha.

Usiku wa kuamkia 23 Februari 2006, tetemeko la ukubwa wa 7.0 lilipiga Machaze, katika mkoa wa Manica, Msumbiji. Kutoka hapa ni takriban kilomita 1,000. Hata hivyo, maghorofa ya Durban yaliyumba. Watoto wangu wakisikia habari hiyo huuliza swali moja: tetemeko la mbali hivyo linafikaje?

Ardhi inavyopasuka

Gamba la nje la dunia si kipande kimoja. Limegawanyika katika mabamba makubwa yanayosogea polepole. Bamba la Somalia, lililobeba Mombasa na Dar es Salaam, linajitenga na bamba la Nubia lililo upande wa magharibi, kwa milimita chache tu kwa mwaka. Hata ukucha wa mtoto hukua haraka zaidi. Mkono wa magharibi wa mpaka huo hupita kwenye maziwa ya Albert, Kivu, Tanganyika na Nyasa, kisha ufa huendelea hadi Msumbiji.

Kwenye ufa, miamba haitelezi kila siku. Hushikana huku ikivutwa miaka mingi, kama fimbo mbichi inayopindwa. Siku inaposhindwa kuvumilia, huachia ghafla. Kule Machaze ardhi ilipasuka, na mahali pengine upande mmoja ulishuka karibu mita 2. Mshtuko wa kuachia huko ndio unaosafiri kama mawimbi.

Safari ya mawimbi

Wimbi la kwanza husukuma na kuvuta ardhi mbele na nyuma, kama sauti inavyopita hewani. Kwa umbali wa Machaze hadi Durban huhitaji kama dakika 2. La pili, linalotikisa ardhi upande kwa upande, hufika karibu dakika 2 baadaye. Mwisho huja mawimbi yanayotambaa juu ya uso wa ardhi, marefu na ya taratibu.

Mitikisiko mifupi ya harakaharaka huishia njiani. Hii mirefu hufika mbali. Jengo la ghorofa 20 nalo huchukua takriban sekunde 2 kuyumba kwenda na kurudi, mwendo unaokaribiana na wa mawimbi hayo. Ni kama kumsukuma mtoto kwenye bembea: ukisukuma kwa wakati wake, hupanda juu bila nguvu nyingi. Ndiyo maana anayeishi ghorofa ya 15 anaweza kushtuka, na wa nyumba ya chini akaendelea kulala.

Kinachoua ni ukuta

Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la 5.9 lilipiga kwetu Kagera. Nguvu iliyotoka Machaze ilikuwa zaidi ya mara 40 ya hiyo. Lakini Machaze, eneo lenye watu wachache, walikufa watu 4. Kagera walikufa wasiopungua 16. Tetemeko la Bukavu la 3 Februari 2008, nalo la 5.9, liliua makumi ya watu huko na ng'ambo ya mpaka, Rwanda. Tofali zisizofungwa pamoja huanguka kila moja kivyake.

Hapa ndipo sisi wa ughaibuni tunapohusika, kwa sababu nyumba nyingi za nyumbani zinajengwa kwa fedha tunazotuma. Ukuta wa jiko la mama yangu ulianguka mwaka ule, bahati nzuri mama akiwa shambani. Tulipojenga upya, nilimwomba fundi mambo matatu kabla ya marumaru na rangi: linta izunguke kuta zote bila kukatika, nondo ziunganishwe vizuri kwenye kona, na paa liwe la bati jepesi lililofungwa imara. Niliomba pia picha za WhatsApp kabla ya lipu kupigwa, maana lipu ikishapigwa huoni tena nondo.

Na sisi tunaoishi maghorofani Durban tuwafundishe watoto: jengo likiyumba, ingia chini ya meza, kinga kichwa, shikilia mguu wa meza hadi litulie. Usikimbilie lifti, wala usishuke ngazi wakati wa mtikisiko.

Hakuna mtaalamu awezaye kutaja siku wala saa ya tetemeko. Lakini linta haihitaji kujua tarehe. Mzee wako akikupigia wiki hii kuhusu ujenzi, muulize habari ya linta kabla ya kuuliza habari ya rangi.