Shahada ya Uhandisi Mkononi, Kazi Bado: Parokia Imsaidieje Kijana?

Katika jumuiya zetu wapo vijana waliohitimu uhandisi ambao siku hizi hawaonekani sana. Wazazi walijinyima ili wasome miaka 4 chuoni, sasa kila baada ya Misa huulizwa swali lile lile: “Umepata kazi?” Wengine huondoka mapema ili wasilisikie.

Mtakatifu Yohane Paulo II, katika waraka wake *Laborem Exercens* wa mwaka 1981, alitaja kwa namna ya pekee uchungu wa vijana waliojiandaa kwa masomo na ufundi, kisha wakakosa kazi. Alifundisha kwamba ukosefu wa ajira ni uovu katika jamii. Hakumtwisha lawama anayeikosa. Basi kijana huyu hana sababu ya kuona aibu.

Tuielewe pia njia ya taaluma yake. Hapa Tanzania, shahada pekee haimfanyi mtu kuwa mhandisi kamili. Mhitimu husajiliwa kwanza na Bodi ya Usajili wa Wahandisi akiwa mhandisi mhitimu, kisha hujifunza kwa vitendo chini ya mhandisi mzoefu, kwa kawaida kwa miaka 3, kabla ya kupanda daraja. Bodi inao mpango maalumu wa mafunzo hayo. Kumbe mlango wa kwanza anaoutafuta ni mtu wa kumpokea na kumlea.

Hapo ndipo parokia inapohusika. Miongoni mwetu wamo wahandisi, makandarasi na watumishi wa mamlaka za maji. Parokia zenyewe hujenga makanisa, shule na zahanati. Tukijenga, tumwite kijana wetu apime, asimamie umwagaji wa zege na kuandika kumbukumbu za kazi chini ya mhandisi. Wala tusimtumikishe bure kwa kisingizio cha kujitolea: ujira wa haki ni sehemu ya mafundisho ya Kanisa.

Nanyi vijana, nafasi za serikali hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, wala haziuzwi. Anayewadai fedha ili awapatie kazi ni tapeli au mla rushwa. Msimpe hata shilingi.

Jumapili hii, badala ya kumuuliza kijana kama amepata kazi, tumuulize amesomea nini hasa, kisha tumkutanishe na anayeifanya kazi hiyo.

Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, utuombee.