Maelezo ya Zana za Kuendeshea Kivinjari na Msomaji Asiye Binadamu

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi yanavyoandikwa maelezo ya zana ambazo kwazo programu za akili unde, ziitwazo mawakala, hufungua kurasa za wavuti, hubofya vitufe na kujaza fomu pasipo mkono wa mtu. Suala hili laonekana kuwa la wahandisi peke yao. Hata hivyo kiini chake ni lugha, kwani wakala hutegemea maneno yaliyoandikwa juu ya zana ili aijue kazi yake.

Kuendesha kivinjari kwa programu si jambo geni. Mwaka 2004 Jason Huggins, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya ThoughtWorks mjini Chicago, alianzisha Selenium kwa ajili ya kujaribia programu za wavuti; Playwright ya Microsoft ikatolewa mwaka 2020. Msomaji wa maelezo ya zana hizo alikuwa mtunzi wa programu, mtu ambaye akitatanishwa na sentensi aliweza kujaribu, kukosea, na kumwuliza mwenziwe. Mwezi wa Novemba 2024 kampuni ya Anthropic ilitangaza itifaki ijulikanayo kama MCP, ambayo kwayo zana hujieleza kwa wakala: jina lake, kazi yake kwa sentensi chache, na vitu inavyohitaji kupewa. Mwaka uliofuata Microsoft iliitoa Playwright kwa sura hiyo. Katika mfumo huu maelezo si kitabu kiwekwacho kando ya kazi; huingizwa katika matini ileile aisomayo wakala anapoamua la kufanya. Neno moja likibadilishwa, mwenendo wake waweza kubadilika ingawa hakuna mstari wa programu ulioguswa.

Zana ya kubofya yatosha kuwa mfano. Katika matoleo ya awali ya mwaka 2025 ilihitaji kupewa vitu viwili: maelezo ya kitu kinachobofywa kwa lugha ya kawaida, na alama ya rejeo, kama vile e12, iliyochukuliwa katika muhtasari wa ukurasa. Muhtasari huo huorodhesha sehemu za ukurasa, kila moja kwa aina yake na jina lake, nao hutokana na mpangilio unaowahudumia wasioona, ambao husomewa kurasa kwa sauti na kompyuta. (Kitufe chenye mchoro mtupu bila jina humtatiza asiyeona na wakala vilevile.) Maelezo ya kawaida yalikuwapo ili mtu aombwe idhini, alama ilikuwapo ili mashine isikosee. Kitu kimoja, basi, kilitajwa mara mbili kwa wasomaji wawili.

Maelezo ya namna hii yakiandikwa kwa Kiswahili, matatizo yake ni mengine. Kitufe kilichoandikwa "Futa" chaweza kuondoa maandishi kisandukuni au kuangamiza akaunti nzima. Yambwa isipotajwa, hasara ni ya mwenye akaunti. La pili ni upatanisho wa kisarufi. Katika "Jaza fomu, tafuta kitufe, kisha ukibofye", kiambishi -ki- hakiwezi kurejea fomu. Kwa Kiingereza kiwakilishi kimoja kingebeba vyote viwili. Lakini ubora huu usisifiwe kupita kiasi. Istilahi nyingi za fani hii zilizoundwa zimeangukia ngeli ya KI-VI: kivinjari, kitufe, kisanduku, kiungo, zile za mkopo, kama fomu, programu na akaunti, zimeingia I-ZI, pamoja na tovuti na sehemu. Hivyo "Tafuta fomu katika tovuti, kisha uifunge" huacha shaka ileile iliyodhaniwa kuepukwa. Mwandishi hana budi kuirudia nomino yenyewe, ijapokuwa mwalimu wa insha angeutia mstari urudiaji huo.

Lililo zito zaidi ni hali ya kitenzi. Maelezo ya Kiingereza huanza kwa kitenzi kitupu, na desturi hiyo ikihamishwa huzaa amri: "Bofya kitufe". Nazo kurasa za wavuti zimejaa amri, na baadhi yake huwekwa humo kwa hila ili wakala azitii kana kwamba zimetoka kwa bwana wake. Mawakala wa siku hizi bado hawaaminiki kikamilifu katika kutenga matini ya kusomwa na agizo la kutekelezwa. Kiambishi hu- chafaa kuliko amri, kwa kuwa hueleza desturi ya zana bila kumwagiza mtu. Hakizuii hila hiyo, lakini huyaacha maagizo kwa yule mwenye haki ya kuyatoa. Maelezo ya zana ya kubofya yangeweza basi kusomeka hivi: "Hubofya kitufe chenye alama iliyotajwa katika muhtasari wa mwisho wa ukurasa. Ukurasa ukibadilika, alama za zamani hazitumiki. Kitufe cha malipo hakibofywi kabla mtumiaji hajatoa idhini."