Inflamesheni sugu: ugonjwa unaoanza bila maumivu

Ukichomwa na mwiba shambani, mguu huvimba, hupata joto na huuma. Hiyo ni inflamesheni: chembe nyeupe za damu, askari wa mwili, zimefika kupambana na vijidudu. Kidonda kikipona, nazo hutulia.

Tatizo ni pale zisipotulia. Sigara, mafuta mengi ya tumboni na moshi wa kuni tunaouvuta jikoni huku Ngara na Biharamulo huzichokoza kila siku. Hupati maumivu wala huvimbi, lakini kuta za mishipa ya damu huharibika taratibu na mafuta hujikusanya humo. Ndipo huja kiharusi au mshtuko wa moyo. Insulini nayo hushindwa kufanya kazi vizuri, sukari ikapanda.

Je, nimeze dawa ya maumivu kila siku? Hapana. Diklofenaki haiondoi chanzo. Ikitumiwa muda mrefu bila ushauri, inaweza kupandisha presha, kuharibu figo na kuleta vidonda vya tumbo.

Kinachosaidia:

- Acha sigara.
- Pikia mahali moshi unapotoka.
- Kula maharage, mboga za majani na matunda. Punguza soda na vya kukaanga.
- Kama kazi yako ni ya kukaa, tembea haraka dakika 30, siku 5 kwa wiki.
- Usiache dawa za presha au kisukari kwa sababu unajisikia vizuri. Unajisikia vizuri kwa kuwa zinafanya kazi.

Nenda zahanati ukapime presha na sukari, hata kama huumwi.