Unauza michoro mtandaoni? Angalia kwanza hela itakufikiaje

Mchoraji wa Tingatinga wa Dar es Salaam akiposti kazi yake Instagram, hakuna anayemkata kamisheni. Shida inaanza pale mteja wa Ujerumani anapouliza, "Nalipaje?"

Wengi hukimbilia Etsy. Kuweka kazi moja ni senti 20 za dola kwa miezi minne, na ikiuzwa inakatwa asilimia 6.5. Kwa mchoro wa dola 50 hiyo ni dola 3.45, na bado kuna makato ya malipo. Si mbaya. Ila duka jipya lazima liwe katika nchi inayokubaliwa na mfumo wa malipo wa Etsy wenyewe, na nchi nyingi za Afrika hazimo. Orodha hiyo isomwe kabla ya kupoteza siku nzima kupiga picha.

Saatchi Art wao hukata asilimia 40. Ni nyingi kweli, lakini wanunuzi wake wamezoea kazi za bei kubwa. Kwa mchoro mdogo wa kumuuzia mtalii, hapafai.

Kenya mambo ni rahisi kidogo: tangu 2018 hela ya PayPal inaweza kutolewa kwa M-Pesa, hivyo Instagram na WhatsApp zinatosha kuanzia.

Halafu kuna kusafirisha. Kanvasi ikitolewa kwenye fremu na kuviringishwa ndani ya bomba la plastiki, mzigo unakuwa mwepesi na gharama inashuka. Namba ya kufuatilia mzigo apewe mteja siku hiyohiyo.