UKUNGU UNAOISHI NDANI YA NYASI

Mkulima, wewe mwenye ng'ombe wa gredi, usidhani kwamba nyasi mbili zinazofanana kwa macho ni sawa kwa ng'ombe wako. Huko Marekani nyasi ya feski iitwayo Kentucky 31 ilitolewa kwa wakulima mwaka 1943. Ilistawi sana, lakini ng'ombe walioila walipungukiwa maziwa, wakashindwa kuvumilia joto, na wengine kwato zao zikaoza. Hata mwaka 1977 ndipo wataalamu walipotambua kwamba ubaya ulihusiana na ukungu uliokaa ndani ya nyasi yenyewe. Ukungu huo, Epichloë, huwezi kuuona kwa macho. Hukaa katikati ya chembe za nyasi na hupita ndani ya mbegu mpaka mimea mipya.

Sasa sikiliza jinsi sumu inavyotengenezwa. Ndani ya kila chembe ya ukungu mna maagizo ya urithi, nayo huitwa jeni. Sumu ya feski ni ergovalini, na sehemu yake moja ni peptidi, yaani vipande vitatu vya asidi amino vilivyounganishwa na kufungwa. Mwaka 2001 wataalamu waliharibu jeni moja tu katika ukungu wa nyasi ya raigrasi. Ergovalini ikatoweka, ingawa ukungu uliendelea kuishi ndani ya nyasi.

Jeni nyingine, iitwayo gigA, ilielezwa mwaka 2015, nayo hufanya kazi kwa njia yake. Hutoa mnyororo mmoja mrefu ambao maneno yake hurudiwarudiwa, kama mtu anayeandika agizo lile lile mara kadhaa kwenye karatasi moja. Kisha mnyororo hukatwa vipande, na vipande vikafungwa ncha kwa ncha kuwa pete ndogo, kama kamba ya shingo ya ndama. Jeni hiyo ikiondolewa, pete zote hukosekana. Na ajabu ni hii: ukungu ukioteshwa peke yake katika sahani, jeni hiyo huwa kama imelala, ukiwa ndani ya nyasi, hufanya kazi kwa nguvu sana.

Usiseme basi, "Tuuangamize ukungu wote." Jeni iitwayo perA hutengeneza peramini, ambayo huwafukuza wadudu. Ilipoondolewa, mwaka 2005, fukusi waliishambulia raigrasi. Kwa hiyo wakulima wa New Zealand walianza mwaka 2001 kuuziwa mbegu yenye ukungu uliochaguliwa, AR1, wenye peramini lakini hauna ergovalini.

Mabingobingo yako hayana ukungu huu, kwani hupenda nyasi za nchi za baridi. Lakini ukitaka kununua mbegu ya raigrasi au feski kutoka nchi za ng'ambo, usitazame bei tu. Muulize muuzaji ina ukungu gani, na kabla ya kulipa shilingi hata moja umwone afisa wa kilimo.