Leza hupima, kufikiri ni kwetu



Nimeulizwa zaidi ya mara moja: hii kazi ya kupima viwanda kwa leza ni kitu gani, na kwa nini watu wanailipia pesa nyingi ilhali kila kiwanda kina michoro yake kabatini? Najua humu wengi ni watu wa lugha na historia, siyo wa mabomba, kwa hiyo nitajaribu kueleza kwa ufupi.

Tuanze na hiyo michoro. Kiwanda cha kemikali au cha kusafishia mafuta kinaweza kufanya kazi miaka 40 au zaidi. Katika muda huo vali hubadilishwa, bomba hukatwa na kupitishwa kwingine, nguzo huongezwa usiku wa dharura, na mchoro haurekebishwi. Injinia akizitegemea karatasi hizo anabuni kwa ajili ya kiwanda ambacho hakipo tena. Bomba jipya linatengenezwa karakana, linaletwa, na linakataa kuingia kwa sentimita tano. Hapo mtambo umezimwa, kila saa ni hasara, na fundi inabidi akate na kuchomelea papo hapo, mahali ambapo huenda pana mabaki ya gesi. Watu wamekufa kwa namna hiyo.

Zamani tulipima kwa futi kamba, mtu kapanda juu ya jukwaa. Skana za leza zilianza kuuzwa miaka ya 1990. Mmoja wa waanzilishi wake ni Ben Kacyra, injinia mzaliwa wa Mosul, Iraq, aliyehamia Marekani. Kampuni yake, Cyra, ilinunuliwa na Leica mwaka 2001.

Chombo chenyewe hukaa juu ya miguu mitatu. Kinatuma mwali, mwali unagonga bomba na kurudi. Mwanga huenda sentimita 30 hivi kwa sehemu moja ya bilioni ya sekunde, basi ukijua muda wa kwenda na kurudi umeujua umbali. (Zipo skana nyingine ambazo hulinganisha wimbi lililotoka na lililorudi.) Kioo kinachozunguka huelekeza mwali kila upande, na pembe zake hurekodiwa. Umbali mmoja na pembe mbili vinatosha kuiweka nukta mahali pake. Mashine nyingi za leo hupima nukta laki kadhaa kwa sekunde. Mkusanyiko huo mimi nauita wingu la nukta. Mwenye istilahi bora na ailete.

Lakini mwali hauoni nyuma ya bomba, kwa hiyo skana huhamishwa kituo hadi kituo. Tunaweka shabaha, kama vile mipira myeupe, zinazoonekana kutoka vituo zaidi ya kimoja, ili mawingu yaunganishwe. Kosa dogo la kuunganisha likijirudia vituo 30 huwa kubwa, ndiyo maana shabaha nazo hupimwa kwa vyombo vya wapima ardhi. Kisha ndani ya kompyuta tunavika silinda juu ya nukta na kuangalia bomba jipya litagongana na nini.

Sasa mambo mawili ambayo wauzaji wa mashine hawayasemi sana. La kwanza: bomba likiwa limevikwa gamba la kuhifadhi joto, leza hupima gamba, siyo chuma. La pili ni joto lenyewe. Bomba la chuma lenye urefu wa mita 50, likipanda joto kwa nyuzi 100 za Selsiasi, hurefuka kwa sentimita 6 hivi. Ukilipima mtambo ukiwa unafanya kazi, halafu ukaja kuunga ukiwa umepoa, vipimo vyako ni sahihi na bomba bado halitaingia. Yalinifika mimi mwenyewe. Tangu siku hiyo huuliza kwanza joto la siku ya kupima.

Na hata likiingia, mambo hayajaisha. Huko Flixborough, Uingereza, mwaka 1974, mtungi mmoja kati ya sita ya kiwanda cha kemikali ulipata ufa ukaondolewa. Mafundi wakaunganisha wa nne na wa sita kwa bomba la inchi 20 lenye kona, kwa sababu mitungi ilipishana kimo, na kila mwisho ukawa na kiungio chenye mikunjo kama ya kodiani. Mchoro wao ulikuwa wa chaki, sakafuni mwa karakana. Bomba liliingia sawasawa. Ila hakuna aliyekokotoa presha ingelisukuma vipi penye zile kona. Tarehe 1 Juni likafumuka, gesi ikalipuka, wakafa watu 28. Leza isingewaokoa; umbo walilipata bila leza.

Wengi wenu mnaujua mradi wa Zamani wa Chuo Kikuu cha Cape Town, uliopima magofu ya Kilwa Kisiwani kwa leza hizi hizi. Gofu halina presha ndani, ukilipata umbo lake umepata sehemu kubwa ya ulichokifuata. Kiwandani ukishapata umbo ndiyo kwanza hesabu zinaanza. Kwa hiyo vijana wetu wanaoingia kazi hii, huko Ghuba na kwingineko, wasiridhike na kujua programu tu. Wajifunze na nguvu za vitu.

Penye kosa nikosoeni.

Wasalaam.